Picha za Kale za Miji na Vijiji vya Uingereza

Mgeni aingiaye katika mji wowote wa Uingereza, hata ukiwa mdogo namna gani, hakosi kukutana na picha za kale za mji uo huo. Zimetundikwa ukutani katika mikahawa, katika vilabu vya pombe, katika maktaba, na hata katika vyumba vya kungojea treni. Picha yenyewe aghalabu ni ya rangi ya kahawia iliyopauka: barabara ya mawe, gari la farasi limesimama mbele ya duka la mikate, wanaume watatu wenye kofia, na mtoto asiye na viatu aliyegeuka kutazama kamera. Chini yake pameandikwa jina la barabara na mwaka. Mwenyeji anywaye chai aweza kuinua macho akaona mahali pale pale alipoketi jinsi palivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Sisi tuliopata kukaa katika nchi hiyo kwa miaka michache ya masomo tulilitazama jambo hili kwa mshangao kwanza, kisha kwa wivu kidogo. Twataka hapa kueleza picha hizo zilitoka wapi, zilipigwa na nani na kwa haja gani, na kwa nini twadhani zamhusu mwalimu na mwanafunzi wa Kitanzania.

Uingereza ni mojawapo ya nchi mbili ambamo ufundi wa picha ulizaliwa. Ya pili ni Ufaransa. Mwaka 1835, katika nyumba yake ya Lacock, William Henry Fox Talbot alipiga picha ndogo sana ya dirisha la nyumba hiyo kwa kutumia karatasi iliyopakwa dawa ya fedha. Haikupita hata miaka kumi, watu wawili wa Scotland, mchoraji David Octavius Hill na kijana Robert Adamson, wakachukua kamera yao mpaka Newhaven, kijiji cha wavuvi karibu na Edinburgh. Huko, kati ya mwaka 1843 na 1847, waliwapiga picha wavuvi, watoto wao, na hasa wanawake waliokuwa wakibeba samaki katika makapu mgongoni wakipanda nao kilima kwenda kuwauza mjini. Mmoja wao ajulikana mpaka leo kwa jina, Elizabeth Johnstone Hall. Amesimama na kapu lake, macho ameyainamisha, wala haonyeshi kumjali aliye nyuma ya kamera. Mtu yeyote aliyekulia pwani yetu akimwona mama huyu atamtambua mara moja, maana wachuuzi wa samaki wa dunia nzima wana namna moja ya kusimama. Adamson alikufa mwanzoni mwa mwaka 1848, umri wake miaka 26 tu, na kazi ile ikakoma.

Walakini picha nyingi zilizotundikwa katika mikahawa hazikutoka kwa watu wa namna hiyo. Zilitoka kwa wafanyabiashara. Aliye mkuu wao ni Francis Frith, mzaliwa wa Chesterfield mwaka 1822, mtu wa madhehebu ya Quaker, ambaye alitajirika kwa biashara ya vyakula vya jumla katika mji wa Liverpool, akaiuza biashara hiyo angali kijana, kisha akajitia katika kupiga picha. Alianzia mbali. Kati ya mwaka 1856 na 1860 alisafiri mara tatu Misri na nchi za jirani, akibeba vioo vizito na dawa zake jangwani. Aliporudi alianzisha kampuni katika mji wa Reigate, kusini mwa London, akiwa na nia ambayo ilikuwa kama wazimu: kupiga picha za kila mji na kila kijiji cha Uingereza. Frith alikufa mwaka 1898. Wanawe na wajukuu wakaendelea na kazi, nayo kampuni haikufungwa mpaka mwaka 1971. Ilipofungwa, vioo vile na picha zile zilikuwa karibu kupotea kabisa, kama si Bill Jay, mwandishi wa mambo ya picha, aliyetambua thamani yake na kuisihi kampuni moja ya sigara izinunue. Leo hazina hiyo yahesabiwa kuwa na picha zaidi ya 300,000 za miji na vijiji vipatavyo 7,000.

Yafaa msomaji afahamu jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Tangu mwaka 1851, ilipovumbuliwa njia ya kolodioni na Frederick Scott Archer, mpiga picha alipaswa kukipaka kioo dawa yenye ubichi, akitie katika kamera, apige picha, kisha akioshe, yote hayo kabla dawa haijakauka; yaani alikuwa na dakika kumi hivi tu. Kwa hiyo alitembea na chumba chake cha giza, ama hema, ama gari la kukokotwa na farasi. Na kwa kuwa kioo kilihitaji kutazamana na mwanga kwa sekunde kadhaa, kila kilichotembea kilifutika. Ndiyo sababu barabara katika picha za zamani sana zaonekana tupu kama mji uliokimbiwa na watu, au mara nyingine pana vivuli vyepesi kama moshi, mahali ambapo mtu alipita bila kusimama. Mwanafunzi mmoja alipata kutuuliza kama wale ni mizimu. Tulimjibu kwamba wale ni watu waliokuwa na haraka.

Vioo vikavu, ambavyo dawa yake haikuhitaji kuwa mbichi, vilikuja baada ya mwaka 1871, na hapo kazi ikawa nyepesi. Mwaka uo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya siku za mapumziko ya mabenki, na wafanyakazi wengi wakapata siku chache za kwenda kutembea. Reli ilikuwa imekwisha kufika pwani. Basi makundi ya watu wa viwandani wakamiminika kwenye miji ya bahari, Blackpool, Brighton, Scarborough, Yarmouth, wakitaka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Mwaka 1894 posta iliruhusu kadi zenye picha zilizochapishwa na watu binafsi, na mwaka 1902 ikaruhusu upande mmoja wa kadi ugawanywe, nusu kwa anwani na nusu kwa maneno, ili picha ipate upande wake mzima. Hapo postikadi zikawa kama nzige. Sisi tulinunua sanduku zima katika gulio la vitu vikuukuu, kwa bei ya chakula cha mchana. Nyuma ya karibu kila moja pana maneno yale yale: tumefika salama, mvua inanyesha, wasalimuni wote.

Picha iliyopigwa ili iuzwe haisemi yote. Wachapaji wa postikadi walikuwa na desturi ya kuongeza mawingu mahali penye anga tupu, na kufuta nguzo ya simu iliyoharibu sura ya kijiji. Na zaidi ya hayo, walichagua pa kusimama. Walisimama mbele ya kanisa, mbele ya daraja la mawe, mbele ya nyumba zilizoezekwa kwa manyasi. Ni wachache waliokwenda nyuma. Thomas Annan alikwenda: kati ya mwaka 1868 na 1871 alipiga picha za vichochoro vya Glasgow, vyembamba na vyenye giza, ambamo familia zilibanana chumba kimoja kimoja, kwa kuwa baraza la mji lilikuwa limekusudia kuvibomoa na likataka kumbukumbu. John Thomson naye alipiga picha za maskini wa London katika mwaka 1877. Lakini picha za namna hiyo hazikuuzwa kwa mtalii, wala hazikutufikia sisi watawaliwa.

Na hapa ndipo mambo haya yanapogusana na sisi. Mwaka 1902 Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda kamati ya kuwafundisha watu wa Dola kwa njia ya picha, zikitupwa ukutani kwa taa. Aliyeandika mihadhara ya kwanza alikuwa Halford Mackinder, bingwa wa jiografia, yule yule ambaye mwaka 1899 alikuwa wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Batian cha Mlima Kenya. Mihadhara ilikuwa saba, ikakusudiwa kwanza kwa watoto wa makoloni ya Mashariki. Ilianza na safari ya meli kutoka Mashariki mpaka London, ikapita katika mandhari ya nchi, miji ya kihistoria, maisha ya vijijini na miji mikubwa ya viwanda, ikaishia na ulinzi wa Dola. Ni mpango wenye akili sana. Mtoto aingia bandarini kama mgeni, aonyeshwa kondoo, mito na makanisa, na mwishoni kabisa aonyeshwa manowari.

Wazee wetu waliosoma katika shule za kikoloni hawakuhitaji hata taa hiyo. Vitabu vyao vya kusomea vilijaa picha za nyumba zile zile na mashamba yale yale yenye ua wa miti. Tumewasikia wakieleza mto Thames kwa ufasaha kuliko Malagarasi. Hatusemi hili kwa kinyongo, kwa kuwa ujuzi wa nchi za wengine ni jambo jema. Lakini twaona kwamba picha ikiondolewa kwa watu wake ikapelekwa kwa watu wengine, hubadilika kazi. Barabara ya Whitby ikitundikwa katika mkahawa wa Whitby ni ukumbusho. Ikitundikwa katika darasa la mbali ni fundisho la nani aliye mkubwa.

Tumeitaja Whitby kwa makusudi, kwani kati ya wapiga picha wote wa zamani wa Uingereza, tumpendaye kuliko wote ni Frank Meadow Sutcliffe. Alizaliwa mwaka 1853 karibu na Leeds, akahamia Whitby, bandari ya uvuvi katika pwani ya mashariki, akabaki huko. Chakula chake alikipata kwa kuwapiga picha watalii katika studio, kazi aliyoichukia. Saa zake za hiari alizitumia gatini. Kwa kuwa hakuwa mpita njia, wavuvi walimzoea; na ndiyo maana katika picha zake twamwona mzee akitengeneza wavu, wanawake wakitia chambo katika ndoana mia kadhaa za mshipi mrefu, watoto wamelala kifudifudi juu ya ukuta wa gati wakitazama maji. Picha yake ya mwaka 1886 ya wavulana walio uchi wakicheza na mashua iliwakasirisha makasisi wa mji, ingawa mrithi wa ufalme wakati ule yasemekana alipendezwa nayo akanunua nakala kubwa. Sutcliffe alipoacha biashara mwaka 1922 alifanywa mtunzaji wa makumbusho ya Whitby, na alikufa mwaka 1941. Aliishi maili chache tu kutoka mahali alipopiga karibu picha zake zote bora, jambo ambalo vijana wetu wanaodhani kwamba sanaa i ng'ambo wangefaa kulifikiri.

Pana pia Sir Benjamin Stone, Mbunge wa Birmingham, ambaye mwaka 1897 aliunda chama cha kukusanya picha za mila na majengo ya taifa, zipate kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza. Kati ya alivyovipiga ni ngoma ya pembe ya kijiji cha Abbots Bromley, ambamo wanaume hucheza wakiwa wamebeba pembe kubwa za kulungu. Kumbe na wao wana ngoma! Chama chake kilikwisha mwaka 1910, lakini ngoma ingali ikichezwa.

Lakini zilizotukaa moyoni zaidi ni picha za Hallsands. Hiki kilikuwa kijiji cha wavuvi katika jimbo la Devon, nyumba 37 zilizojengwa juu ya ukingo mwembamba kati ya jabali na bahari. Katika picha za mwishoni mwa karne ya 19 twaona ufuo mpana wa kokoto mbele ya nyumba, mashua zimevutwa juu, nyavu zimeanikwa. Ufuo ule ndio uliokuwa ngome ya kijiji. Mwaka 1896 serikali ilitoa kibali cha kuchimba kokoto katika bahari ya hapo kwa ajili ya kupanua gati za jeshi la majini huko Plymouth, na uchimbaji ukaanza mwaka 1897. Wataalamu walisema bahari italeta kokoto nyingine. Wavuvi walisema haitaleta. Zaidi ya tani 600,000 zilichukuliwa, na kufikia mwaka 1900 ufuo ulikuwa umekwisha kushuka kati ya futi 7 na 12. Baada ya malalamiko mengi kibali kilifutwa mwaka 1902, lakini kokoto zile zilikuwa akiba ya maelfu ya miaka na hazikurudi. Usiku wa tarehe 26 Januari 1917 tufani ilipiga pamoja na maji makuu. Hadi maji yalipotulia, nyumba moja tu ndiyo iliyofaa kukaliwa. Hakufa mtu. Mwanamke mmoja, Elizabeth Prettejohn, alikaa peke yake katika nyumba ile mpaka alipofariki mwaka 1964.

Mpiga picha aliyesimama pale katika miaka ile ya kwanza, akitafuta mandhari nzuri ya kuuza, hakujua kwamba alikuwa akiandika ushahidi. Ufuo hauwezi kwenda mahakamani kujieleza. Lakini weka picha ya kabla kando ya picha ya baada, uhesabu ngazi za mbele ya nyumba, uone kokoto zilikuwa zinafika ngazi ya ngapi. Hakuna mkandarasi awezaye kubishana nazo. Mhandisi R. Hansford Worth wa Plymouth, ambaye kwa miaka mingi aliupima ufuo ule na kuandika habari zake, alitumia vipimo na picha pamoja, na maandishi yake yangali yakisomwa.

Tulizionyesha picha hizo mbili kwa wanafunzi wa kidato cha pili katika shule tunayofundisha jijini Dar es Salaam. Hatukueleza kitu kwanza. Darasa lilikaa kimya, kisha msichana mmoja atokaye Kunduchi akasema: “Mwalimu, hapa ni kama kwetu.” Akaeleza kwamba babu yake huonyesha kwa kidole katikati ya maji na kusema, pale palikuwa na minazi yangu. Ni kweli kwamba ufuo wa kaskazini mwa Dar es Salaam umeliwa sana na bahari tangu miaka ya 1970, na kwamba wataalamu wamelitaja chimbo la mchanga mitoni, mchanga wa kujengea mji, kuwa mojawapo ya sababu. Tulimwuliza kama pana picha ya minazi ile. Akasema hakuna, ila kidole cha babu.

Tangu siku ile tumekuwa tukitafakari jambo lililo karibu nasi zaidi. Katika jimbo la Dorset pana kijiji kiitwacho Tyneham. Mwezi Desemba 1943, wakati wa vita, watu wake wapatao 225 waliamriwa kuondoka ili jeshi lipate mahali pa mazoezi. Walidhani wangerudi vita vikiisha. Hawakurudi, maana mwaka 1948 serikali ilikitwaa moja kwa moja. Nyumba sasa ni magofu. Lakini kanisa na shule vimetengenezwa, na ndani yake zimewekwa picha: mwalimu na watoto wake mbele ya mlango, wavuvi wa ghuba ya karibu. Tulipofika huko tuliona watu wakisoma majina taratibu, kidole kikifuata mstari.

Nasi wa kwetu, upande wa Shinyanga, tulihama mwaka 1974 katika Operesheni ya Vijiji. Hatulinganishi makusudi ya mambo hayo mawili, kwani sisi tulihamishiwa mahali ambapo baadaye palijengwa shule na zahanati, na sisi wenyewe tu matunda ya shule ile. Lakini kuhama ni kuhama. Nyumba za nyasi zilivunjwa, na mahame yakawa mashamba. Hakuna mtu aliyekuja na kamera kabla ya siku ile, wala siku yenyewe, upande ule wa kwetu. Kwa hiyo katika ukoo wetu wote hakuna hata picha moja ya mji wa babu: zizi, ghala za mtama, uwanja wa ngoma. Kilichobaki ni mkwaju mmoja na makaburi, na wazee wanaojua mlango wa nani ulielekea wapi hawafiki sasa watano.

Likizo iliyopita tulikwenda huko pamoja na mama mkubwa, ambaye umri wake umepita miaka themanini, na kijana wetu mmoja wa kidato cha nne mwenye simu ya kupigia picha. Mama mkubwa alizunguka mahame yale kwa fimbo yake, akisimama hapa na pale, na kila aliposimama tulichomeka kijiti. Kijana akapiga picha vijiti, akapiga mkwaju, kisha akamwomba bibi asimame chini yake. Bibi akafunga kitambaa chake vizuri, akasimama, akatazama kamera bila kucheka, kama walivyofanya watu wa zamani. Alipoonyeshwa picha katika simu aliitazama kwa muda mrefu, akauliza majina yataandikwa wapi. Tukamwambia kwamba tutaichapisha kwenye karatasi na kuyaandika nyuma. Akakaa juu ya mzizi akaanza kututajia: kwanza jina lake, kisha la mumewe, kisha ya watu wa mlango wa pili, na wa tatu, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo katika picha. Kijana alijaza kurasa nne za daftari kabla jua halijatua, na ilitubidi turudi kesho yake kwa milango iliyobaki.